Nani Alifungua Friji Jumapili

Mama Gatimu alipiga simu Nyeri Alhamisi asubuhi, na hakupandisha sauti hata mara moja. Hilo ndilo lililomtia Khavere wasiwasi. Mteja mwenye hasira hutapika yote kwa dakika mbili, ukajua umesimama wapi naye. Huyu alizungumza taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya nyumbani. Alikuwa na kuku wa mayai mia mbili na kumi. Jumatatu, wiki tatu nyuma, alinunua chanjo ya kideri katika duka la Timau, akaichanganya kwenye maji ya kunywa jinsi alivyoelekezwa. Sasa alikuwa na kuku kumi na tisa.

"Chupa niko nayo," akasema. "Sijaitupa. Nataka mtu aje aiangalie na macho yake."

Nambari iliyochapishwa chini ya risiti za Gomti Agroveti iliishia kwenye meza ya Khavere. Kampuni ilikuwa na maduka manne ya dawa za mifugo na pembejeo, Nyeri, Kiriaini, Wang'uru na Timau, na yeye ndiye aliyeongoza dawati la huduma. Printa ikikwama Kiriaini, ilikuwa tiketi kwake, yaani taarifa ya hitilafu ya kushughulikia na kufunga. Kompyuta ikigoma Wang'uru, tiketi kwake. Friji za chanjo nazo zilikuwa zake, kwa sababu kila moja ilikuwa na kipimajoto kidogo kilichofungwa humo ndani, na joto likipita nyuzi nane, kifaa hicho kilituma tiketi chenyewe, bila kungoja mtu.

Alimwahidi Mama Gatimu kwamba angemrudia, akakata simu, akafungua orodha ya Timau. Ilikuwa kijani kutoka juu hadi chini. Tiketi zote zilikuwa zimefungwa. Akashuka hadi Jumapili ile ya kabla ya Jumatatu ya Mama Gatimu, akaikuta tiketi ya friji. Ilifunguliwa saa nane na dakika arobaini mchana, ikafungwa saa nane na dakika arobaini hiyo hiyo. Chini yake kulikuwa na maelezo mafupi: *Mlango haukufungwa vizuri. Endeleeni na kazi kama kawaida.*

Khavere aliyasoma mara mbili, kisha akaitazama kalenda ya ukutani.

Duka la Timau halifunguliwi Jumapili. Ufunguo wake ni mmoja, na mwenye kuushika ni Kyalo, meneja. Basi nani alifungua mlango wa friji Jumapili mchana, hadi ukakosa kufungwa vizuri?

Akarudi nyuma, Jumapili baada ya Jumapili. Kati ya Jumapili saba, tano zilikuwa na tiketi ya friji. Zote tano zililaumu mlango.

Tiketi hizo hazikuwa zimefungwa na mtu. Zilikuwa zimefungwa na Msaidizi, mashine ya kujibu tiketi.

Msaidizi alikuja kwa haraka ya Bhavin, aliyeendesha kampuni iliyobeba jina la nyanya yake. Bhavin alitoka kwenye mkutano Nairobi akisema washindani wao wote wameshaingiza akili unde, na kwamba alitaka kuiona ikifanya kazi kabla ya Ijumaa. Khavere alikataa Ijumaa hiyo. Mwaka uliotangulia alikuwa amesomea usimamizi wa huduma za teknolojia, kozi ya jioni ya miezi minne, na kama kulikuwa na jambo moja alilotoka nalo, ni kwamba kitu kipya huingia kwa mlango ule ule unaoingiza mabadiliko mengine yote. Kiandikwe. Anayekitaka ajulikane. Kijaribiwe mahali padogo kwanza. Iwepo njia ya kurudi nyuma mambo yakiharibika. Na kiwe na mwenyewe.

Kwenye mstari wa mwenyewe, Maxwel, fundi wake, aliandika "wote".

"Cha wote hakina wa kukiosha," Khavere alimwambia, akalikata neno lile na kuandika jina lake. Hakufanya hivyo kwa mapenzi. Hakuiamini mashine ile tangu siku ya kwanza, na aliona afadhali akae nayo karibu, kama unavyomkalisha mgeni usiyemjua mahali unapoweza kuiona mikono yake.

Wakakubaliana kuijaribu Timau peke yake kwa miezi miwili. Maxwel aliilisha tiketi za miaka minne ili ijue jinsi wao wanavyofanya kazi. Wazo hilo lilikuwa la Khavere. "Ianze pale tulipo," alisema, kama alivyofundishwa. Sasa mwezi wa pili ulikuwa unakwisha, na Jumatatu iliyofuata Bhavin alitaka kikao kimoja kifupi cha kuidhinisha Msaidizi aende maduka yote.

Khavere alipanda ngazi hadi ofisini kwa Bhavin, akamweleza habari za kuku na za Jumapili tano. Bhavin alisikiliza akizungusha kalamu.

"Kyalo," akasema.

"Bado hatujui."

"Nani mwingine iko na funguo? Yeye naweka vitu yake humo. Maziwa, nyama, sijui nini. Jumapili anafungua, anatoa, anasahau mlango. Mashine imemshika." Aliweka kalamu chini. "Unaona? Hata mtu asingejua hii. Mashine imejua."

Neno lile lilimkaa Khavere. Alimkumbuka Kyalo wa zamani, aliyekuwa akiandika tiketi ndefu kama barua ya posa, akieleza hali ya hewa, sauti ya friji, na nani alikuwa dukani. Halafu zikawa fupi. Halafu kwa miezi kadhaa hakuandika kabisa. Mtu aliyekuwa na maneno mengi akinyamaza ghafla, ana jambo.

Na jambo la pili lilikuwa Maxwel. Aliporudi chini alimkuta kwenye kompyuta, na Maxwel akaifunika kabla hajafika mezani.

"Maxwel, hii mashine ilijuaje kwamba ni mlango?"

"Imejifunza, madam."

"Kwa nani?"

"Kwa data."

"Data ni jina la mtu?"

Maxwel alizitazama kamba za viatu vyake. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto wawili, si wa kutazama viatu. Khavere alikumbuka kwamba yeye na Kyalo walikuwa marafiki, na kwamba mwezi uliopita walikula nyama choma pamoja Nanyuki. Akamwambia ajiandae, kesho wangeenda wote Timau. Maxwel akasema ana printa ya Kiriaini. Khavere alitazama orodha. Kiriaini haikuwa na tiketi ya printa.

Hakumwuliza zaidi. Aliomba ufunguo wa pikapu ya kampuni, na Ijumaa asubuhi akaondoka peke yake bila kumwarifu mtu wa Timau.

Njiani alikuwa na muda wa kuyapanga. Alipita Naro Moru mlima ukiwa umejifunika, akapita Nanyuki, na kadiri mashamba ya ngano yalivyopanuka pande zote mbili za barabara ndivyo kisa kilivyozidi kunyooka kichwani mwake. Kyalo ana biashara ya pembeni. Maxwel anajua. Maxwel ameifundisha mashine kufunga tiketi kabla binadamu hajaziona, na kwa ujinga ama kwa haraka akaacha neno "mlango" likiwa pale pale. Kila kitu kiliingia mahali pake. Aliona hata uchungu kidogo kwamba Bhavin ndiye aliyelisema kwanza.

Hakufika moja kwa moja dukani. Aliegesha ng'ambo ya barabara, kati ya lori la kubeba nyanya na agroveti ya washindani, akakaa ndani ya gari akitazama. Upepo wa Timau ulikuwa ukiburuta mifuko mitupu barabarani. Kyalo alikuwa mlangoni amevaa kofia ya sufu, akimhudumia mzee mmoja aliyetaka dawa ya minyoo ya kondoo. Halafu akaingia ndani, akatoka na soda. Khavere akaikodolea macho soda ile kama ushahidi mahakamani. Ilimchukua muda kufikiri kwamba katika baridi kama ile, hakuna mwenye akili timamu anayehitaji friji ili kupoza soda.

Alivuka barabara, akamsalimu Kyalo kwa kichwa tu, akapita kaunta, akafungua friji.

Ndani kulikuwa na chanjo. Chupa ndogo zilipangwa kwa safu, zenye tarehe za karibu mbele na za mbali nyuma, kila trei na kibandiko. Hapakuwa na maziwa wala nyama, wala hata chupa ya maji ya kunywa.

"Karibu, madam," Kyalo alisema nyuma yake. "Umepata kile ulikuwa unatafuta?"

Khavere alifunga mlango. Mpira wake ulikuwa mzima na ulishika kwa nguvu.

"Jumapili huwa unakuja hapa kufanya nini?"

"Jumapili?" Kyalo alivua kofia. "Jumapili mimi niko kwaya. Tunaimba ibada ya kwanza na ya pili, halafu tuna mazoezi mpaka saa kumi. Uliza kanisa yote."

"Friji ilifunguliwa Jumapili. Mara tano."

"Nani amesema?"

Khavere alitaka kusema kwamba mfumo umesema, lakini akajizuia. Alitoa kompyuta yake kwenye mkoba, akachomoa kipimajoto kutoka ndani ya friji na kukiunganisha kwa waya. Nyeri walipokea joto tu. Lakini kifaa chenyewe kilihifadhi mengine ambayo hakuna aliyewahi kujisumbua kuyasoma, na moja kati ya hayo ni idadi ya mara ambazo mwanga uliingia, yaani mara ambazo mlango ulifunguliwa.

Jumamosi: thelathini na moja. Jumapili: sufuri. Jumatatu: arobaini na nne.

Akashuka chini zaidi. Kila Jumapili ilikuwa sufuri. Jumapili ile ya kabla ya Mama Gatimu kununua chanjo, joto lilianza kupanda saa nane mchana, likafika nyuzi ishirini na mbili jioni, na halikushuka hadi saa sita usiku. Hakuna aliyeufungua mlango ule.

Kyalo alikuwa akisoma juu ya bega lake. Hakuonyesha furaha. Alikwenda kwenye droo ya kaunta, akarudi na daftari la shule, akaliweka mezani. Ndani yake, kwa mwandiko wake wa kulala upande, kulikuwa na tarehe, saa, na joto. Karibu zote zilikuwa kati ya saa nane na saa tisa mchana.

"Stima inashukanga hapo saa nane," alisema. "Taa zinakuwa nyekundu kidogo, hivi. Friji inazima. Stima ikirudi, haiwaki mpaka niizime na swichi nihesabu mpaka mia, niwashe tena. Siku ya kazi mimi niko hapa, nasikia imenyamaza, naiwasha. Jumapili hakuna mtu. Usiku ikishapoa inajiwasha yenyewe. Jumatatu nikikuja nakuta iko nyuzi nne, najua iko sawa."

"Kwa nini hukusema?"

Kyalo alimtazama muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu.

"Madam, mimi nilisema mpaka nikachoka."

Alitoa simu yake, akasogeza kidole juu, juu zaidi, akapita miezi, akapita mwaka mpya. Msaidizi hakuwepo enzi hizo. Tiketi ya kwanza ilikuwa ya mwaka jana, mwezi wa pili, na ilikuwa ndefu kama Kyalo alivyozoea. Ilieleza taa kuwa nyekundu, friji kunyamaza, swichi, na mwishoni iliuliza: *Je, hizi dawa bado ni sawa kuuza?* Chini yake kulikuwa na jibu. *Mlango haukufungwa vizuri. Endeleeni na kazi kama kawaida. KH.*

Tiketi ya pili ikafuata, fupi zaidi. *Si mlango. Ni stima.* Jibu lilikuwa lile lile, neno kwa neno. Ya tatu nayo hivyo hivyo. Kila moja iliishia na herufi mbili, KH.

"Sasa miezi miwili nyuma mkatuambia ati mmeleta mashine ya kujibu," Kyalo akasema. Hakuwa na kejeli. Alikuwa anaeleza tu. "Mimi nikashangaa. Nilidhani mliiweka kitambo."

Khavere aliketi kwenye gunia la chakula cha ng'ombe.

Alizikumbuka zile tiketi, ingawa hakukumbuka hata moja peke yake. Alikumbuka mwezi ule ambao Bhavin alianza kuzibandika ukutani takwimu za kila wiki, na nyekundu, rangi ya tiketi zilizo wazi, ikawa aibu. Alikumbuka kengele za Jumapili zikimfikia kwenye simu akiwa amekaa kanisani, na kidole chake kikifunga tiketi bila yeye kuyatoa macho kwa mhubiri. Mara ya kwanza kabisa, huko Wang'uru, ilikuwa kweli mlango. Baada ya hapo neno lilikuwepo tayari kwenye simu yake, ukigusa tu linajiandika. Mwalimu wa kozi alikuwa amewaambia: tukio ni moshi, tatizo ni moto, ukipunga moshi mara kumi umefanya kazi mara kumi, na nyumba bado inaungua. Aliliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari.

Akafungua Msaidizi kwenye kompyuta. Kulikuwa na sehemu inayoonyesha jibu limetoka wapi, sehemu ambayo yeye mwenyewe alilazimisha iwekwe kabla ya kutia sahihi. Hakuwa ameifungua hata mara moja. Akaibofya kwenye tiketi ya Jumapili ile. *Jibu hili limetokana na tiketi 63 zilizofungwa na Khavere.*

Alimpigia Maxwel. Ilipokelewa upesi, kana kwamba simu ilikuwa mkononi.

"Uliiona," Khavere alisema.

"Wiki mbili sasa, madam."

"Na ukanyamaza."

"Ningekuambia aje? Wewe ndiye mwenye mashine, wewe ndiye mwenye tiketi, na wewe ndiye unanifanyia tathmini mwisho wa mwaka. Nilikuwa naipanga vile nitaisema. Kila siku naipanga."

Khavere alitamani kumkasirikia na hakupata pa kushika. Tangu Alhamisi alikuwa amemjengea mtu huyu njama, akampa rafiki wa kula naye nyama na sababu ya kudanganya, na kumbe alichokuwa anaficha chini ya kifuniko cha kompyuta ni aibu ya bosi wake.

"Fungua fomu ya mabadiliko," akamwambia. "Kuna mstari wa kurudi nyuma. Ufuate. Msaidizi asifunge tiketi yoyote kuanzia sasa hivi."

"Bila Bhavin?"

"Jina langu ndilo liko pale."

Shamba la Mama Gatimu lilikuwa dakika kumi juu ya mji, nyumba ya mabati yenye banda refu la mbao nyuma yake. Kyalo alifunga duka akaenda naye. Alisema haifai aende peke yake kwa mama huyo. Mama Gatimu aliwapokea uani. Jina lake mwenyewe lilikuwa Warigia, lakini pale Timau kila mtu alimwita kwa jina la mwanawe. Kuku kumi na tisa walikuwa wakichakura kwenye banda lililojengwa kwa mia mbili, na ukubwa wa nafasi ile tupu ulikuwa mgumu kuutazama. Shimo walimozikwa wengine lilikuwa nyuma ya migomba michache iliyodumaa, udongo wake bado umevimba.

Alileta chupa ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa safi. Khavere aliisoma nambari ya kundi, akailinganisha na orodha aliyotoka nayo dukani. Ilikuwa mojawapo ya zile zilizolala ndani ya friji Jumapili ile.

"Nilisikia mnatumia kompyuta siku hizi kujibu watu," Mama Gatimu alisema. "Jirani aliniambia. Sasa nataka kujua. Hii ni mashine iliharibu, ama ni mtu?"

Kyalo alitazama chini. Khavere aliona njia mbili zikiwa wazi, na ile fupi ilikuwa tambarare kabisa. Mashine ndiyo iliyofunga tiketi ile ya Jumapili. Hilo lingekuwa kweli kwa kila herufi.

"Ni mtu," akasema. "Mashine ilifuata kile nilichokuwa nafanya mimi. Kyalo aliniandikia kwamba friji inazima. Sikumsikiliza. Nilimjibu bila kuangalia, mara nyingi, na mashine ikajifunza kujibu hivyo."

Mama Gatimu alimtazama bila kupepesa.

"Kwa hivyo ulikuwa unaandika kitu hujui."

"Ndiyo, mama."

"Mwaka mzima."

"Ndiyo."

Hakutukana. Alikunja kitambaa mara mbili, mara nne, hadi kikawa kidogo kama sabuni. "Si mimi peke yangu nilinunua Jumatatu hiyo," akasema mwishowe. "Kulikuwa na laini. Mmewaambia hao wengine?"

Khavere alikuwa ametoka Nyeri kumtafuta mwizi, kisha akakaa kwenye gunia kujihurumia, na hakuwa amewafikiria watu wa laini ile hata kidogo.

Walirudi dukani karibu wakikimbia. Kundi lile lilikuwa limeuzwa kwa watu thelathini na wawili, na Kyalo alikuwa na nambari za ishirini na wanane, kwa sababu ni mtu wa kuandika kila kitu. Aliweka kiti upande mmoja wa kaunta, Khavere upande mwingine, wakagawana orodha. Ilikuwa saa saba. Khavere alisema maneno yale yale kwa kila mtu: jina langu ni fulani, chanjo uliyouziwa tarehe fulani iliharibika kwenye friji yetu, usiitegemee, usiwachanganye kuku wako na wa jirani, kesho tutakuletea nyingine. Wengine walishukuru. Mmoja alimwuliza mara tatu kama ni matapeli. Watu watano walikuwa wameshaanza kuzika. Mwalimu mmoja mstaafu alikata simu kabla hajamaliza, akapiga tena baada ya dakika kumi, akasikiliza hadi mwisho, akakata tena.

Saa nane na dakika tano taa ya dukani ikawa nyekundu kidogo, kama Kyalo alivyosema. Friji ikakohoa, ikanyamaza. Wote wawili waliigeukia. Kyalo alinyoosha mkono, akazima swichi, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, na Khavere akajikuta anahesabu naye.

Bhavin alimsikiliza Jumatatu, katika kile kikao kilichopangwa kuidhinisha Msaidizi. Maxwel alikuwepo, amekaa karibu na mlango. Khavere aliweka mezani usomaji wa kipimajoto, picha za daftari la Kyalo, na ukurasa ule wenye nambari sitini na tatu. Kwa mara ya kwanza aliandika karatasi ambayo ilipaswa kuandikwa mwaka uliopita, yenye kichwa cha tatizo, chanzo chake, na nani wa kulishughulikia.

Bhavin aliisoma yote. Halafu akaenda kufunga mlango.

"Sikiliza mimi. Watu naanza kupiga simu. Sisi nasema ni mashine. Kila mtu sasa najua mashine nakosea, hata gazeti naandika. Tunaizima, tunasema pole, inakwisha. Kwa nini unataka jina yako ikae hapa?"

"Kwa sababu tukisema ni mashine, tutaizima na friji bado itakuwa inazima saa nane," Khavere alijibu. "Halafu tutaleta mashine nyingine, tutailisha tiketi zile zile."

"Na Kyalo?"

"Kyalo ndiye mtu peke yake aliyefanya kazi yake."

Bhavin alizungusha kalamu yake. Khavere hakujua kama anafikiria kuku, ama jina la nyanya yake juu ya maduka manne, ama jinsi ya kumfukuza. Mwishowe alimgeukia Maxwel na kumwuliza kama haya yote ni kweli. Maxwel alimtazama Khavere kwanza. Kisha akasema ndiyo, na kwamba yeye pia alijua kwa wiki mbili. Hakuna aliyemwomba aongeze hilo.

Khavere alipewa barua ya onyo, na uongozi wa dawati ukaenda kwa Maxwel kwa miezi sita ya majaribio. Aliumia kuliko alivyotarajia, hasa asubuhi ya kwanza alipolazimika kumwomba ruhusa ya kutoka mapema. Msaidizi alirudishwa baada ya mwezi, Timau tena, lakini sasa alipendekeza tu. Tiketi haikufungwa mpaka mtu wa duka aseme yeye mwenyewe kwamba shida imekwisha. Takwimu za ukutani zikawa nyekundu kwa wiki nyingi. Kila Jumanne Khavere na Maxwel walikaa nusu saa wakisoma yale ambayo mashine ilikosea, na kwa kila kosa Khavere alifungua sehemu ya chanzo kwanza. Mara nyingine lilikuwa la mashine kweli. Mara nyingine alikuta jina la mtu wa Wang'uru, ama la Maxwel, ama lake. Sasa aliwashuku wote kwa kiasi kile kile, mashine na watu, na alijiweka mwenyewe kwenye orodha hiyo.

Yeye ndiye aliyetumwa Timau siku ya kufunga stabilaiza, kifaa cha kusawazisha stima ya friji. Kyalo alimpokea vizuri, akamwagizia chai, akampa bisibisi alizohitaji. Lakini alisimama karibu naye muda wote, na Khavere alipomaliza na kusema sasa iko sawa, Kyalo alisema, "Tungoje saa nane ifike." Wakangoja. Taa ilififia, friji ikaendelea kunguruma. Ndipo Kyalo alipoandika kwenye daftari lake.

Alipokuwa anapakia vifaa kwenye pikapu, Khavere alimwona Mama Gatimu akija kando ya barabara na kikapu mkononi. Alisimama wima, akamsalimu. Mama Gatimu alisimama pia, akaitikia salamu, akamwuliza habari za Nyeri na kama mvua imefika huko. Khavere alisema imefika. Akamwuliza habari za kuku.

"Nimeanza tena. Hamsini kwanza."

"Leo ni siku ya chanjo yao?"

"Ni leo," Mama Gatimu alisema. Akamtakia safari njema, akavuka barabara na kikapu chake, akaingia kwenye agroveti ya upande wa pili.